Kiingereza hakifundishwi na tabuleti

Wiki chache zilizopita nimepata barua pepe kadhaa, karibu zote zenye swali moja: ni programu gani inayofaa kumfundishia mtoto Kiingereza? Mmoja alikuwa akimuulizia mama yake. Naona mnadhani kwamba kwa kuwa riziki yangu ni kuandika programu, basi nitataja jina moja, mpakue, mambo yaishe.

Jibu langu litawaudhi baadhi yenu. Programu zipo tele. Kinachokosekana ni masomo yaliyoandikwa na mtu anayejua kwamba mwanafunzi huyu tayari ana lugha kichwani, na kwamba lugha hiyo ni Kiswahili.

Kwanza ushahidi wa hapa hapa nyumbani. Katika mradi wa PRIMR, watafiti walijaribu njia tatu kwenye shule za Kisumu: tabuleti kwa maafisa wanaowasaidia walimu, tabuleti kwa walimu, na vifaa vya kusomea mikononi mwa wanafunzi wenyewe. Matokeo yalichapishwa 2016. Watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wale ambao hawakuwa katika mradi. Lakini walipolinganishwa na shule za mradi huo huo zilizopewa vitabu vya karatasi, mwongozo wa mwalimu na ziara za afisa, tofauti haikuwa ya maana. Na kumpa kila mtoto kifaa ndiyo njia iliyokula pesa nyingi zaidi.

Tusome, ulioanza nchini kote 2015, ulifuata funzo hilo: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo kwa mwalimu, tabuleti kwa maafisa. Mwaka uliofuata serikali hiyo hiyo ikaanza kugawa vifaa zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi. Mimi ni mtu wa mashine, lakini hapo nasimama upande wa kitabu.

Sasa tutazame ndani ya kitabu, au ndani ya simu, kuna nini. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, sera yetu inasema mtoto wa madarasa 3 ya kwanza afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na mijini lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Shule nyingi hazijali. Wengi wetu tunakikumbuka kile kibao kilichovishwa shingoni mwa mtoto aliyeteleza akasema lugha ya kwao. Siku hizi kibao kimeingia ndani ya simu. Programu inakuonyesha picha ya kidole, inatamka "finger", unabonyeza, unapata nyota. Kiswahili chako hakiulizwi chochote.

Haya, kidole cha mguu je? Kwetu ni kidole vile vile. Kwa Mwingereza ni "toe". Mkono ni "hand" na pia ni "arm". Mguu ni "foot" na pia "leg". Picha haiwezi kukueleza kwamba hapa neno lako moja limepasuka mara mbili. Sentensi moja ya Kiswahili inaweza. Chukua pia kuazima: sisi tunaazima kwa mtu na tunamwazima mtu, kitenzi ni kimoja. Ndiyo maana mtoto anamwambia mwenzake "borrow me your pen". Anasikia harufu, basi anaandika "I hear a smell". Na "yeye" anaingia vitani na "he" na "she" hadi chuo kikuu. Mwalimu anaweka alama nyekundu miaka 8, na hakuna anayemwonyesha mtoto kosa limetoka wapi. Kwetu sisi waandishi wa programu, kosa linalojirudia kwa watu milioni lina chanzo kimoja, na chanzo hutafutwa.

Kusoma nako ni hivyo. Kiswahili kina irabu 5, na kila moja ina sauti yake. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu kama 20 zilizobanwa katika herufi hizo hizo 5. Mtoto aliyesoma Kiswahili kwanza ameshaelewa siri kubwa, kwamba herufi ni sauti. Baada ya hapo mwonyeshe mahali Kiingereza kinapovunja sheria: "though", "tough", "through". Ukianza na hayo maneno matatu, atajifunza kwamba kusoma ni kukariri. (Lafudhi sisumbuki nayo. Kutamka "ship" na "sheep" sawasawa hakujamuua mtu, mradi sikio linazitofautisha.)

Malighafi ipo, tena ya bure. Michael West alichapisha orodha yake ya maneno ya msingi kama 2,000 mwaka 1953. Orodha mpya iliyotoka 2013 ina kama 2,800, nayo inagusa takribani maneno 9 kati ya kila 10 katika maandishi ya kawaida. African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini, ina hadithi za watoto kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na leseni yake inakuruhusu kuchapa na kubadilisha. Kwa kukumbuka maneno kuna Anki, programu huria ya kadi tangu 2006, inayofanya kazi bila intaneti na kukurudishia neno pale unapokaribia kulisahau.

Ila pakueni, msitegemee seva ya mtu. VOA ilianza matangazo ya Kiingereza chepesi 1959, kwa msamiati wa maneno kama 1,500 na usomaji wa polepole, na vizazi vya Waafrika vilijifunzia redioni. Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kazi nyingi za shirika hilo. Aliyekuwa ameyahifadhi masomo hayo kwenye diski yake aliendelea kufundisha.

Mimi nimeanza faili ndogo. Ina safuwima 4: neno la Kiswahili, maneno ya Kiingereza linakopasukia, sentensi ya mfano, na kosa ambalo sisi hulifanya. Hadi jana usiku ilikuwa na mistari 312, na inaingia moja kwa moja katika Anki. Haina picha hata moja. Walimu mnaosoma hapa, nitumieni makosa mnayokutana nayo kila siku kwenye madaftari, hasa walimu wa Pwani, maana mifano yangu mingi ni ya Nairobi. Anayejua Dholuo au Kikamba na anataka safuwima ya 5 aseme, nitaiongeza wikendi hii.