Bampa limepasuka: Mwenye gari Zuzu atengeneze au aache?

Gari dogo linatoka Zuzu asubuhi kuelekea mjini Dodoma. Bajaji iliyo mbele inasimama ghafla kushusha abiria, breki zinachelewa, bampa linapasuka. Taa moja imevunjika, boneti imepinda kidogo. Hakuna aliyeumia na gari bado linatembea.

Swali linaanza hapo hapo: litengenezwe sasa, au lisubiri mshahara?

Si swali dogo. Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia Dodoma, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, makazi yamezidi kusogea pembezoni. Kwa familia inayoishi kata kama Zuzu, gari ndiyo kazi, ndiyo shule ya watoto, ndiyo mzigo wa dukani. Likilala gereji wiki moja, nyumba nzima inajua.

Stika ipo, lakini bima gani?

Hapa ndipo wengi wanaposhtuka. Stika wanayo, ila ni ya bima ndogo, ile ambayo kwa gari binafsi hulipiwa Sh118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Bima hiyo inamlipa aliyegongwa. Bampa la aliyegonga halimo.

Bima kubwa kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la Sh10 milioni ni Sh350,000 kwa mwaka, kabla ya VAT. Lakini hata mwenye bima hiyo huwa anabeba sehemu ya hasara mwenyewe, na akidai anaweza kupoteza punguzo la mwaka unaofuata. Kwa hasara ndogo, wakati mwingine kulipa mfukoni kuna nafuu kuliko kudai.

Kama mwenye kosa ni dereva mwingine, mambo yanageuka. Kabla ya kukubali "tuyamalize hapa hapa," inafaa kuangalia namba ya gari lake kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) kujua kama bima yake iko hai, kisha kwenda polisi. Bila ripoti ya polisi, madai ya bima hukwama.

Kilicho nyuma ya bampa

Fundi wa haraka atasema, "Bosi, hapa ni bampa tu." Huenda ni kweli. Lakini bampa la magari mengi ya siku hizi ni plastiki, na linaweza kurudi kwenye umbo lake huku vilivyo nyuma yake vimeumia.

Nyuma yake kuna rejeta na feni. Rejeta ikipata ufa mdogo, maji yanapungua kidogo kidogo. Kwenye jua la Dodoma gari linachemsha, dereva anajikaza afike, na silinda hedi inapinda. Kazi iliyoanza na rejeta moja inaishia kushusha injini.

Kufuli la boneti nalo lisipokamata vizuri, boneti inaweza kufunguka gari likiwa kwenye mwendo na kumziba dereva macho. Gari likivuta upande mmoja, huenda miguu ya mbele imepinda na tairi zitalika.

Na taa? Gari lenye taa moja usiku linaonekana kwa mbali kama pikipiki. Anayekuja mbele anadhani ana nafasi ya kutosha, kumbe hana. Trafiki wakilikamata, faini ni Sh30,000.

Hesabu ya mwisho

Uingereza, gari kuukuu likigongwa hivi, mara nyingi kampuni ya bima hulifuta kwa sababu ufundi na spea vinazidi thamani yake. Tanzania hesabu ni nyingine. Ufundi ni nafuu, spea za mtumba zipo, na kuagiza gari jingine kunabeba ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine. Kutengeneza mara nyingi kunashinda.

Isipokuwa chesisi imepinda. Hapo fundi bodi mmoja hatoshi. Inafaa kupata maoni ya wawili, kila mmoja aandike bei ya spea na ya ufundi kando. Jumla ikikaribia nusu ya bei ambayo gari lingeuzwa likiwa zima, mwenye gari ana haki ya kufikiria kuliuza lilivyo.

Kwa wengine wote, hela ikiwa chache kazi inaweza kugawanywa. Rejeta, taa, kufuli la boneti na miguu ya mbele visisubiri hata siku moja. Bampa linaweza kushonwa kwa waya, na rangi ikasubiri mwezi ujao. Gari lenye kovu bado linafika mjini. Lililochemsha njiani linarudi Zuzu kwa kuvutwa.