Kipa ana kocha wake, kijana wa vikapu Kisumu ana nani?

Siku Gor Mahia ikija kucheza Kisumu, fika uwanjani mapema, kabla timu hazijaanza kupasha misuli. Utaona kitu ambacho umekizoea hadi hukioni tena. Makipa wanatoka peke yao, pamoja na mtu mmoja ambaye kazi yake ni wao tu. Anawapigia mipira ya chini, ya juu na ya pembeni. Straika hawamhusu, wala mfumo wa mchezo. Na hakuna shabiki anayeuliza, "Huyu analipwa ya nini na kocha mkuu yuko?"

Sasa jioni hiyo hiyo pitia mazoezi ya mpira wa vikapu hapa mjini. Mara nyingi utakuta kocha ni mmoja. Ndiye anafundisha kupiga, ndiye anafundisha kukaba, ndiye refa wa mazoezi, ndiye anapigia simu mwenye matatu ya kubeba timu wikendi. Matatu ikikosa mafuta, ndiye anaingiza mkono mfukoni. Mshika mawili moja humponyoka, na huyu ameshika kumi.

Hebu tupige hesabu. Mazoezi ya saa mbili ni dakika 120. Ukiwa na wachezaji 15, kila mmoja anapata dakika nane za jicho la kocha, na hapo hujatoa muda wa kukimbia, kupanga timu na kucheza mechi yenyewe. Ukitoa hizo, labda zinabaki dakika mbili. Manze, dakika mbili hazitoshi kumrekebisha mtu namna ya kushika mpira.

Naongea hivi kwa sababu nilikuwa mmoja wa hao 15. Sina cheti cha ukocha, na chuo chenyewe niliacha katikati karo iliposhinda, kwa hivyo usinichukue kama mtaalamu. Lakini shule ya upili nilicheza na jamaa wa futi sita na inchi tano, mwepesi kama paka. Shida yake ilikuwa moja: akipiga, kiwiko kilitoka nje na mpira ukaenda kushoto. Miaka minne kocha wetu alimpigia kelele, "Lenga, omera!" Alikuwa anajitahidi, lakini pia alikuwa mwalimu wa somo lenye madaftari ya kusahihisha usiku kucha. Siku watu wa chuo kikuu kimoja walipokuja kutafuta wachezaji wa kulipiwa karo, jamaa alikosa mitupo huru karibu yote. Walichukua mwingine, mfupi kumliko. Leo yuko Kibuye anapakua magunia. Kukosa karo ndiko kulikomfikisha hapo, na kiwiko kilikuwa na sehemu yake.

Je, kiwiko kinaweza kurekebishwa? Muulize Kawhi Leonard. Alipokuwa chuo kikuu cha San Diego State, mitupo yake ya pointi tatu ilikuwa ikiingia kama 25 kati ya 100. Mwaka 2011 akaingia San Antonio Spurs, na huko akamkuta Chip Engelland, kocha msaidizi ambaye kazi yake kubwa ni kurekebisha upigaji. Wakakaa chini, wakabadilisha jinsi anavyouachilia mpira. Msimu wake wa kwanza, zaidi ya 37 kati ya 100 zikaingia. Mwaka 2014 akatangazwa mchezaji bora wa fainali za NBA. Engelland alikaa Spurs tangu 2005 hadi 2022, kisha akahamia Oklahoma City, waliokuja kuchukua ubingwa mwaka 2025. Shabiki wa kawaida hamjui kwa jina, ila timu zinamjua.

Mfano wa pili ni wa ribaundi, yaani kudaka mpira uliogonga pete ukarudi. Kevon Looney, aliyekuwa wa Golden State Warriors hadi 2025, haruki sana, wala si jitu kwa nafasi anayocheza. Mwaka 2021 timu ikamleta Dejan Milojević, Mserbia aliyekuwa amemlea Nikola Jokić akiwa kijana, awe kocha msaidizi wa kushughulikia wachezaji warefu. Wastani wa Looney ulikuwa ribaundi 5.3 msimu wa 2020/21. Msimu wa 2022/23 ulifika 9.3. Katikati ya hapo, Mei 2022, alidaka 22 katika mechi moja dhidi ya Memphis, na mwezi uliofuata wakabeba ubingwa. Milojević aliaga dunia Januari 2024, na Looney alikuwa miongoni mwa waliomshukuru hadharani.

Mwaka huo huo wa 2021, Warriors walimchukua pia Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, ukanda wetu huu. Alikuwa na miaka 18. Kumbuka hii ni timu yenye pesa ya kununua mchezaji aliyeiva, na bado inaajiri watu wa kumwivisha. Sisi ambao hatuna pesa ndio tunangoja kijana aje ameiva mwenyewe.

Mbona niseme haya sasa? Kwa sababu mlango umefunguka. Morans walichukua fedha ya AfroCAN kule Bamako mwaka 2019. Februari 2021, Tylor Ongwae alitumbukiza mpira sekunde za mwisho, Kenya ikalaza Angola 74-73, na tukarudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza ligi ya BAL. Mpira wa vikapu umeanza kuwa kazi, na kwenye kazi kasoro ndogo kama ile ya kiwiko ndiyo inakunyima mkataba. Huku ziwani Maseno School na Agoro Sare ya Oyugis ni majina makubwa kwenye vikapu vya shule. Vipaji tunavyo. Tunavipeleka Nairobi na Mombasa vikiwa nusu, halafu tunashangaa vikikaa benchi.

Najua utasema, "Chapaa ya kulipa makocha watano itatoka wapi?" Ni swali la haki. Lakini hatuhitaji watano wa mshahara. Kisumu imejaa watu waliocheza ligi zamani, wako maofisini, wengine wana maduka. Mmoja akipewa kazi moja tu, jioni mbili kwa wiki, na nauli yake, tayari timu ina kocha wa upigaji. Simu yako inayorekodi video inatosha kumwonyesha mchezaji kiwiko chake mwenyewe.

Mwingine atasema sauti nyingi zitamchanganya mchezaji. Kweli, zikiwa hazina mpangilio. Ndiyo maana kocha mkuu anabaki mkuu: yeye ndiye anasema huyu afundishwe nini, na msaidizi haingilii mengine. Kocha wa makipa haamui straika nani aanze, na hajawahi kulalamika.

Kwa hivyo kama ulicheza zamani na Jumamosi unapita karibu na uwanja, usikae kando ukicheka wanavyokosa. Msalimie kocha kwanza, umwombe vijana wawili. Sogea nao kwenye kikapu cha upande wa pili, na uanze na kiwiko.