Wazee wa ziwani wafuatwe walipo

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Lakini bibi wa Kagunga, kandokando ya Ziwa Tanganyika, anayepanda boti kufika Kigoma mjini, nani amemweleza kwamba lazima kwanza atambuliwe kijijini? Na kama hana cheti cha kuzaliwa, nani atathibitisha umri wake? Zanzibar ilianza pensheni jamii mwaka 2016 kwa wenye miaka 70 na kuendelea. Bara hatuna, hivyo hicho kidogo kilichopo, matibabu bila malipo, kisipotelee njiani. Halmashauri ziwapeleke maofisa ustawi wa jamii mialoni, Kibirizi hadi Kalya, wawaandikishe wazee na kuwafafanulia pia utaratibu wa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii unaosaidia kaya maskini. Ujiji, watendaji wa mitaa waanze nyumba kwa nyumba.