Cha Wote Kisikose Mwenyewe

Sisi tunaosoma falsafa tunakutana mapema na Aristotle, aliyeona kwamba kitu cha watu wengi ndicho hupata matunzo haba. Hapa Karagwe na Kyerwa hilo si somo la darasani tu. Mto Kagera, mabonde, misitu na malisho ni vya wote. Je, anayevitunza ni nani?

Serikali imejibu kwa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa. Tunaunga mkono hatua hizo, kwa sababu chanzo cha maji kikikauka, maskini ndiye wa kwanza kwenda mbali na ndoo.

Hata hivyo, askari hawezi kulinda kila kijito. Mkulima wa bondeni na mfugaji anayetafuta maji wakati wa kiangazi wakihesabiwa kuwa wavamizi tu, watasubiri askari apite, kisha warudi. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watumiaji wenyewe wanaweza kutunza mali ya pamoja, mradi washiriki kuweka kanuni na kusimamiana. Mafundisho Jamii ya Kanisa yanaiita kanuni auni: mamlaka ya juu isiwapokonye wadogo wanachokiweza, bali iwasaidie.

Nyenzo zipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake. Basi mkutano mkuu wa kijiji uamue ng'ombe wanywe wapi, mwisho wa shamba uwe wapi, na faini iende wapi. Yawezekana mwenye mifugo mingi akauteka mkutano huo. Ndiyo maana wilaya ibaki kuwa mwamuzi, na ilete wapima mipaka kabla ya kuleta faini.

Nasi waamini tusiwe watazamaji. Jumuiya zetu ndogo ndogo zinakijua kila kisima na kila mwenye shamba kando yake. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, twende, tuseme, tukubaliane. Kutunza nyumba ya wote kunaanzia hapo.