Lubumbashi: Kidonda cha kichwa kinapona, lakini nguvu hairudi

Mu muji wa Lubumbashi, aksida ya moto imekuwa habari ya kila siku. Ku barabara ya Kasumbalesa, makamiyo ya madini yanapita usiku na mchana pembeni ya motari wenye mara mingi hawavai kaske. Ku Katuba, ku Kenya ao ku Ruashi, si vigumu kupata familia yenye iko na mutu mwenye alianguka na kupiga kichwa chini. Wengi wanapona. Nyuzi zinatolewa, mugonjwa anarudia nyumba, familia inashukuru Mungu.

Kisha miezi inapita, na kwa wamoja njo shida nyingine inaanza. Baba mwenye alikuwa anaamuka saa kumi na moja ya asubui kwenda kutafuta, sasa analala mpaka saa sita. Baridi inamupiga hata mu mwezi wa kumi, wakati kila mutu anatoka jasho. Ndevu hazioti tena vizuri, hamu ya bibi imeisha. Ikiwa ni mama, haoni tena mwezi wake. Mu familia maneno yanaanza: ni uvivu, iko na mutu pembeni, wamemuloga. Ndoa zinavunjika, na franka za chakula zinaishia ku vyumba vya maombi na kwa waganga wa kienyeji.

Lakini kwa sehemu ya watu hawa, shida haiko ku roho wala ku uvivu. Iko chini ya ubongo.

Tezi ndogo, kazi kubwa

Nyuma ya pua, chini ya ubongo, kunakuwa tezi moja yenye wanganga wanaita hipofizi. Ukubwa wake ni kama punje ya maharagi, na uzito wake ni karibu nusu ya gramu. Inakaa mu kashimo ka mufupa, na imefungwa ku ubongo na kikamba chembamba sana chenye kupitisha damu. Kazi yake ni kutuma homoni, ni kusema ujumbe wenye unapita mu damu na kuambia viungo vingine namna ya kufanya kazi: tezi ya shingo, tezi za juu ya figo, mayai ya mama, korodani za baba, kukomaa kwa mutoto.

Kichwa kikipigwa kwa nguvu, ubongo unatikisika. Kile kikamba kinaweza kuvutwa ao kukatika, damu haifike tena vizuri, na sehemu ya tezi inakufa. Inje, mutu anaonekana amepona. Ndani, ujumbe hauendi tena.

Jambo hili si jipya. Munganga mumoja wa Ujeremani aliliandika tangu 1918. Mu 2007, gazeti la wanganga la Marekani, JAMA, lilitoa hesabu ya tafiti mingi zikiwa pamoja: karibu watu 27 ku 100 wenye waliumia ubongo walibakia na upungufu wa homoni moja ao zaidi. Tafiti zingine zenye kupima kwa ukali zaidi zilipata watu wachache kuliko pale. Hata hivyo, haiko jambo la mutu mumoja tu.

Mama wengi wa jimbo wanaweza kuelewa kwa mufano mwingine. Mama mwenye alipoteza damu mingi sana wakati wa kuzaa, kisha akakosa maziwa na hakuona tena mwezi, anaweza kuwa na tezi ileile yenye ilikosa damu. Njia ni tofauti, kiungo ni kimoja.

Alama za kuangalia

Kuchoka kwenye hakuishi, baridi, kizunguzungu wakati wa kusimama, kukonda ao kunenepa bila sababu, huzuni, kusahau, kukosa mwezi, kupoteza nguvu za kiume: hizi njo alama. Kwa mutoto, angalia kama ameacha kukomaa. Kuna tena mutu mwenye anakunywa maji bila kushiba na kukojoa usiku wote. Wanamupima sukari, sukari inakuwa muzuri, wanamurudisha nyumba. Kumbe homoni yenye kuzuia maji mu mwili njo imekosekana.

Alama hizi zinaweza kutoka tena ku malaria, ku upungufu wa damu, ao ku mawazo mingi kisha aksida. Ni juu ya ile vipimo vinahitajika. Na mutu mwenye aligonga kichwa kidogo tu, mara mingi anapona bila kubakia na kitu. Wenye kufuatiliwa zaidi ni wale wenye walizimia kwa muda murefu, wenye walivunjika mufupa wa kichwa, ao wenye walilala mu hospitali siku mingi.

Upungufu wenye hatari kuliko yote ni wa kortizoli. Mutu mwenye hana homoni ile anaweza kutembea, lakini siku malaria inamukamata ao anapasuliwa, anatapika, damu inashuka, na anaweza kufa mbele watu waelewe. Hapa kuna mutego mwingine: dawa za kunenepesha zenye deksametazone, zenye zinauzwa bila karatasi ya munganga. Zinafunika alama, na mutu akiziacha mara moja kisha kuzitumia siku mingi, mwili wake unaweza kuanguka.

Kipi kifanyike

Dawa ziko: vidonge vya hidrokortizone, vya tezi ya shingo, na zingine kufuatana na upungufu. Munganga anaanza na kortizoli mbele ya dawa ya tezi, juu kufanya kinyume kunaweza kuleta hatari. Ku labo, kortizoli inapimwa asubui. Kwa tezi ya shingo, kupima TSH peke yake hakutoshi. Inaomba kupima na T4, kwa sababu TSH inaweza kuonekana muzuri wakati hipofizi imeharibika.

Ni ukweli kama vipimo hivi vinaomba franka, na mu Kongo mugonjwa mara mingi analipa mwenyewe. Lakini hatua ya kwanza hailipishwe: kuandika ku karatasi ya kutoka hospitali tarehe ya kurudi, kisha miezi mitatu mpaka sita, na tena kisha mwaka moja. Familia nayo iambie munganga aksida ile, hata kama ilipita zamani.

Kuna tena swali la haki. Bima ya motokari ni ya lazima mu Kongo tangu 1973, lakini familia mingi zinapatana haraka na mwenye gari, wakati kidonda kinaonekana kimefungika. Homoni zinaonyesha shida miezi kisha. Mwenye alisaini kama yote imeisha anabakia na ugonjwa na bila musaada. Kwa hiyo, kulinda karatasi zote za hospitali ni kulinda haki.

Na mbele ya yote, kaske. Tafiti zinaonyesha kama inapunguza kuumia kichwa kwa karibu 69 ku 100. Kwa motari na kwa mwenye anabebwa nyuma, bei yake ni ndogo kuliko dawa za maisha yote.