Binti Amesoma PCB: Je, Ni Lazima Awe Daktari?

Akina mama wapendwa, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapokaribia kutoka, maswali yanayoletwa kwenye ukurasa huu hubadilika. Huacha kuhusu homa za watoto na chanjo, yakawa kuhusu vyuo vikuu. Mwezi huu nimepata swali la mama mmoja ambaye binti yake amesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, akapata C katika Baiolojia, na D katika Kemia na Fizikia. Mama huyu anasema tangu binti akiwa darasa la tano, nyumbani wamekuwa wakimwita "daktari wetu". Sasa wanahofu kwamba hatachaguliwa udaktari katika chuo cha serikali, na baba watoto amefikiri kuuza shamba la kahawa ili amlipie binti katika chuo binafsi. Anauliza: wauze?

Nitamjibu mama huyu mbele yenu nyote, kwa sababu najua si yeye peke yake. Jibu langu ni kwamba wasiuze kitu chochote kabla hawajakaa na binti na kulinganisha kozi zenyewe. Wengi wetu hulinganisha majina ya vyuo, au majina ya vyeo. Yafaa kulinganisha mambo manne: miaka yote ya masomo, gharama yote, usajili wa taaluma baada ya masomo, na kazi yenyewe ilivyo siku kwa siku.

Pointi zake zinasema nini?

Kwanza tusilie bila sababu. Katika mfumo wa Tanzania wa sasa A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini kabisa cha kuingia chuo kikuu kwa kozi nyingi ni jumla ya pointi 4 kutoka masomo mawili. Binti huyu ana pointi 7 katika masomo matatu. Huyo hajafeli, mama. Amefaulu, na ana milango kadhaa mbele yake.

Udaktari ni mlango mwembamba. Masomo yote matatu yanahitajika, na wanaoomba ni wengi kuliko nafasi, hivyo vyuo huanza na wenye alama za juu. Anaweza kuomba, lakini asiombe udaktari tu na kuacha mengine yote. Kosa hilo limewaweka vijana wengi nyumbani mwaka mzima.

Tulinganishe kozi

Udaktari wa binadamu ni miaka 5 darasani na wodini, kisha mwaka 1 wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya madaktari wazoefu. Baada ya hapo ndipo anasajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari. Kwa hiyo hesabu miaka 6. Akitaka kuwa bingwa wa watoto au wa upasuaji, ongeza miaka mingine kadhaa. Kozi hii inafundishwa Muhimbili, Dodoma, Bugando kule Mwanza, KCMC kule Moshi, Kairuki pale Dar es Salaam, na kwingineko.

Famasia ni miaka 4 na mwaka 1 wa utarajali. Mfamasia husajiliwa na Baraza la Famasi. Anaweza kufanya kazi hospitalini, kiwandani, katika bohari ya dawa, au baadaye kuwa na duka lake. Inamfaa kijana anayependa Kemia, makini wa hesabu ndogondogo, asiyechoka kusoma maandishi madogo.

Uuguzi ni miaka 4 na mwaka 1 wa utarajali, kisha usajili katika Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hapa nitasema zaidi, maana ndiyo kazi yangu. Bado wapo wazazi wanaodhani muuguzi ni daktari aliyeshindwa. Ndugu zangu, hizi ni taaluma mbili. Daktari hupita wodini, akaandika, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Muuguzi ndiye anayebaki. Ndiye anayeona saa nane za usiku kwamba mama aliyejifungua amebadilika rangi, ndiye anayejua kwamba mtoto wa kitanda cha sita hajakojoa tangu asubuhi. Mwenye shahada hufundishwa pia kusimamia wodi, kufundisha wengine na kufanya utafiti, na anaweza kuendelea hadi shahada ya uzamili. Na hii si kazi ya wasichana peke yao. Vijana wa kiume wamo wodini, na wanafanya vizuri. Hata hivyo, kama mtoto wako hawezi kuvumilia kukesha, au anachukia kugusa mgonjwa aliyechafuka, usimsukume huku kwa sababu tu nafasi imepatikana. Mgonjwa atateseka, na yeye pia.

Zipo pia kozi ambazo akina mama wengi hawajazisikia. KCMC kuna fiziotherapia, yaani kutibu viungo kwa mazoezi, na optometria, ambayo ni upimaji wa macho na utoaji wa miwani. Hapohapo KCMC kipo kituo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachofundisha utengenezaji wa miguu na mikono ya bandia. Fikirini jinsi ajali za pikipiki zilivyojaza wodi zetu za mifupa, mtaona kazi hiyo inavyohitajika. Kijana mwenye akili ya kutengeneza vitu kwa mikono, ambaye pia ana huruma, atapata mahali pake huko.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinafundisha lishe ya binadamu kwa miaka 3, na udaktari wa mifugo kwa miaka 5. Vilevile mwenye Baiolojia na Kemia anaweza kusomea shahada ya sayansi na ualimu kwa miaka 3. Vipo vyuo viwili vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kile cha Chang'ombe na kile cha Mkwawa, Iringa, ambavyo kazi yao hasa ni kuandaa walimu. Bila mwalimu mzuri wa Baiolojia kule sekondari ya kata, huyo daktari tunayemtamani atatoka wapi?

Maswali ya kuuliza chuoni

Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu huandaa maonesho ya vyuo, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Walioko mbali wanaweza kupiga simu au kumtuma ndugu. Ukifika mbele ya meza yenye vipeperushi vizuri na vijana waliovaa fulana za chuo, usiondoke na kalamu ya bure tu. Uliza haya:

1. Je, kozi hii imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu? Chuo kinaweza kuwa halali huku kozi mojawapo ikiwa haijaidhinishwa au imesimamishwa. Mwaka 2017 Tume ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka ule wa masomo. Kwa hiyo usitosheke na kipeperushi. Tume hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kila mwaka, chenye majina ya kozi, sifa za kuingia na idadi ya nafasi. Kama kozi haimo, achana nayo.

2. Je, baraza la taaluma linawasajili wahitimu wa kozi hii? Katika kazi za afya, shahada bila usajili haimruhusu mtu kumhudumia mgonjwa. Mtoto atakuwa na joho na picha ukutani, lakini hana leseni.

3. Wanafunzi hujifunzia hospitali gani, na wangapi huzunguka kitanda kimoja? Huwezi kujifunza kuzalisha kwa kutazama ubao. Muhimbili, Bugando na KCMC ni hospitali kubwa zilizo jirani na madarasa. Chuo kisicho na hospitali yake kieleze wazi wanafunzi huenda wapi, mara ngapi, na nani hulipa nauli.

4. Gharama yote ni kiasi gani mpaka kuhitimu? Usiulize ada ya mwaka wa kwanza tu. Ongeza hosteli, chakula, bima ya afya, makoti meupe, vifaa vya kupimia, vitabu, na mafunzo ya vitendo. Kisha zidisha kwa miaka yote. Hapo ndipo mtakapojua kama shamba likiuzwa leo litamfikisha mwaka wa tano au litaishia mwaka wa pili. Mtoto anayerudishwa nyumbani mwaka wa tatu kwa kukosa ada ameumia mara mbili, na shamba halipo tena.

Msaada wa fedha

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005, na hutoa mikopo kwa wahitaji. Kabla ya kuomba, mwanafunzi hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, au na mamlaka husika kwa wale wa Zanzibar. Akina mama, jambo hili hutukwamisha sana. Jina la cheti cha kuzaliwa likitofautiana na jina la cheti cha kidato cha nne, usumbufu wake si mdogo. Lishughulikieni mtoto akiwa bado kidato cha tano, msingoje wiki ya mwisho. Kumbukeni pia kwamba mkopo ni deni. Mhitimu akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka amalize. Si jambo baya, lakini mtoto alijue mapema.

Kwa waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi, upo ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/23.

Njia ndefu nayo ni njia

Kuna mama atasema, "Wangu hakufikisha hata pointi 4." Bado kuna stashahada. Stashahada ya uuguzi, famasia au maabara huchukua miaka 3, katika vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET. Baadaye, mwenye stashahada iliyofikia wastani wa 3.0 anaweza kuomba shahada, mradi ana sifa nyingine za kozi husika. Mimi mwenyewe nimefanya kazi miaka mingi kwa stashahada, na mshahara wake umenilelea watoto. Wapo wenzangu waliokwenda kusoma shahada wakiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, wakiwa tayari wanaijua kazi. Darasani hao huwa hawahitaji kuambiwa mambo mara mbili.

Niseme ukweli pia kuhusu ajira. Zamani aliyemaliza kozi ya afya alipangiwa kituo mara moja. Siku hizi wahitimu wengi husubiri tangazo la serikali, wengine kwa miaka, na wengine hujitolea hospitalini wakingoja. Hakuna shahada ninayoweza kuwaahidi kwamba ina kazi mlangoni. Ndiyo maana nasisitiza mtoto achague kazi ambayo hata akijitolea mwaka mzima hataichukia.

Mama, msikilize mtoto

Baada ya hesabu zote, muulize binti mwenyewe, tena muulize baba na shangazi wakiwa hawapo. Usimuulize, "Unataka kuwa nani?" kwani atakujibu lile mnalotaka kusikia. Muulize, "Unapenda kufanya nini kutwa nzima?" Mtume akakae siku mbili tatu na mfamasia, na muuguzi, na mwalimu wa sayansi, kama wenyewe watakubali. Katika usharika wowote hawakosekani watu wa namna hiyo, na wengi wetu huona fahari kuulizwa.

Tangu mwaka 2017 waombaji hupeleka maombi moja kwa moja kwenye chuo, si kwa Tume. Basi aombe vyuo zaidi ya kimoja, na aweke kozi kadhaa kwa mpangilio wa moyo wake na wa alama zake. Akichaguliwa zaidi ya mahali pamoja, athibitishe chuo kimoja kabla ya siku ya mwisho. Asimpe mtu wa duka la intaneti namba zake za siri, wala asimwachie amchagulie kozi. Kaa naye pembeni mpaka amalize.

Kwa mama aliyeniandikia: shamba libaki kwanza. Binti aombe udaktari kama ndio moyo wake, na chini yake aweke uuguzi, fiziotherapia na lishe, baada ya kuzijua. Jina la "daktari wetu" liwekeni kando kwa sasa, mwiteni kwa jina lake. Mkishakaa na kuzungumza, niandikieni tena mnieleze alichokichagua yeye.