Ushairi huanzia kinywani

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Hata hivyo, wapo wacheza ambao kwao hawakutunzwa bali walionyeshwa mlango. Mmoja wao alikuwa Benjamin Zephaniah, malenga wa Uingereza aliyefariki dunia tarehe 7 Desemba 2023 akiwa na umri wa miaka 65. Alipoondoka shuleni akiwa na miaka 13, hakujua kusoma wala kuandika sawasawa. Mwaka wa 2011 aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Brunel, London, afundishe ushairi na uandishi wa kubuni. Safari hiyo ina funzo ambalo sisi walimu wa lugha nchini Kenya hatuna budi kulitafakari.

Zephaniah alizaliwa mjini Birmingham tarehe 15 Aprili 1958. Mamake alikuwa muuguzi aliyehamia huko kutoka Jamaica, na babake, mzaliwa wa Barbados, alifanya kazi ya posta. Alilelewa katika mtaa wa Handsworth, uliokuwa na wahamiaji wengi wa visiwa vya Karibi. Alikuwa na disleksia, yaani hali ya kimaumbile inayomfanya mtu atatizike kuzitambua na kuzipanga herufi, ilhali akili yake ni timamu. Hilo lilibainika alipokwisha kuwa mtu mzima. Shuleni alionekana mjinga na mtundu, akapelekwa katika shule ya kurekebisha tabia, na ujanani akafungwa jela kwa wizi.

Lakini mtoto huyo aliyeshindwa na kalamu alikuwa na kinywa. Alianza kughani kanisani angali mdogo, na kufikia umri wa miaka 15 jina lake lilikuwa limevuma Handsworth. Tungo zake alizihifadhi kichwani, kama walivyofanya manju wetu wa kale. Alipokuwa na umri wa miaka 22 alihamia London, na mwaka wa 1980 ikachapishwa diwani yake ya kwanza, Pen Rhythm. Kusoma barabara alijifunza katika madarasa ya watu wazima. Tuzingatie mfuatano huo: ushairi ulitangulia, kitabu kikafuata.

Ushairi wake ulikuwa wa ile aina iliyochipuka Jamaica, inayoghanwa kwa mahadhi ya muziki wa rege. Lugha yake ilikuwa Kiingereza cha mtaani kilichochanganywa na Krioli ya Jamaica, ile ambayo wengi waliibeza na kuiita Kiingereza kibovu. Sisi wanaisimu tunajua kwamba Krioli ile ina sarufi yake, yenye kanuni zinazofuatwa na wasemaji wake bila kufundishwa. Zephaniah aliiandika jinsi inavyotamkwa, akawafanya wasomaji waisikie kwa macho.

Wala haikuwa burudani tupu. Katika albamu ya Rasta ya mwaka wa 1982, aliyoirekodi pamoja na kundi la Wailers baada ya kifo cha Bob Marley, aliimba sifa za Nelson Mandela, aliyekuwa angali kifungoni. Mwaka wa 1994 alitoa Talking Turkeys, diwani ya watoto iliyopendwa mno. Mwaka wa 2001 alichapisha riwaya ya Refugee Boy, inayomhusu kijana aliyezaliwa na baba Mhabeshi na mama wa Eritrea, ambaye vita baina ya nchi hizo mbili za majirani zetu vilimtupa ukimbizini Uingereza. Na alipotunukiwa nishani ya OBE mwaka wa 2003 aliikataa hadharani, kwa kuwa jina la nishani hiyo linataja himaya, na himaya kwake ilikuwa kumbukumbu ya utumwa.

Sasa nirejee nyumbani, tena nianze na kosa langu mwenyewe. Yapata miaka 10 iliyopita, katika darasa langu la ushairi, palikuwa na mwanafunzi ambaye jioni wenzake walimzunguka bwenini wamsikilize akighani. Nilibahatika kumsikia siku moja. Alikuwa na pumzi, alijua pa kunyamaza, na wenzake walimwitikia kibwagizo bila kuambiwa. Ulipofika mtihani, niliwataka wanafunzi wataje bahari ya shairi na kuhesabu mizani yake. Alichanganya ukara na ukaraguni, na akaingiza maneno mawili matatu ya Sheng katika maelezo yake. Nilimpa alama 6 kati ya 20. Muhula uliofuata alihamia somo jingine, nami sikumwuliza kwa nini.

Je, nilikuwa nikipima nini? Kwa hakika sikuwa nikipima ushairi. Nilikuwa nikipima uwezo wa kuuchambua mfupa baada ya nyama kuliwa. Na sikuwa peke yangu. Kwa miaka mingi mtahiniwa wa karatasi ya tatu ya Kiswahili ameulizwa habari za vina, nafsi neni, toni na uhuru wa mshairi. Amefundishwa kwamba maghani ni utanzu wa fasihi simulizi, akazikariri aina zake, majigambo na tendi na rara, huku hajawahi kutakiwa ajigambe hata kwa dakika moja mbele ya wenzake. Tumewafunza watoto kuogelea ubaoni, kisha tunashangaa kwamba wanayaogopa maji.

Ilhali vina na mizani vyenyewe ni mali ya sikio. Kina humsaidia mghani akumbuke, mizani humpa pumzi, na kibwagizo huwaalika wasikilizaji waingie. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi nusu ya kwanza ya karne ya 19, yalidumu katika vinywa na kumbukumbu za watu kwa miongo kadhaa kabla ya kukusanywa na kuandikwa. Lau Wamvita wangengoja kitabu, leo tusingekuwa na Muyaka.

Wapo watakaosema kwamba nikikipa kinywa nafasi ninaizika sarufi, na kwamba Sheng itaingia darasani kwa mlango wa mbele. Hofu yao naielewa, kwa kuwa Kiswahili sanifu ndicho kinachonipa riziki. Sisemi wanafunzi wasijue bahari za ushairi. Zephaniah hakubaki bila kusoma, bali ushairi ndio uliomvuta hadi kitabuni. Mwanafunzi anayeupenda ushairi kwa sikio atataka kujua umeundwaje, ila anayeanzishwa kwa kuhesabu silabi aghalabu huishia hapo hapo.

Basi walimu wenzangu, tufanye mambo mawili yasiyohitaji pesa. Kwanza, shairi lolote lisomwe kwa sauti darasani, na wanafunzi wala si mwalimu pekee, kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Pili, alama za majaribio ya muhula zigawanywe, sehemu iwe ya kughani na sehemu ya kuchambua. Mtaala wa umilisi, unaochukua mahali pa mfumo wa 8-4-4, umeupa ustadi wa kusikiliza na kuzungumza nafasi yake. Tusiiache nafasi hiyo ibaki kwenye karatasi.

Nanyi wanafunzi, msione haya kughani. Huenda katika darasa lako yupo asiyeweza kupanga herufi, anayechekwa kila daftari zinaporudishwa. Mwambieni asimame aseme alichonacho. Mimi sikumwambia wangu, na hadi leo sijui kama bado anaghani.